Mstari Aliokata Wakili

Ofisi ile ya wakili iko ghorofa ya pili, upande wa Nkrumah Road, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba anayeshuka humngoja anayepanda. Ilikuwa Februari, na nyinyi mnaoishi hapa Mombasa mnalijua jua la Februari. Begani nilikuwa na mfuko wa kitambaa ninaoendea nao Marikiti, na ndani yake nilikuwa nimesokomeza ndoa yangu ya miaka 11: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo, kadi za kliniki, barua, hata picha za arusi ambazo sijui nilizibebea nini.

Mimi ni karani wa klirensi. Nina miaka 14 katika kazi ya kutoa mizigo bandarini. Najua kwamba tarakimu moja ikikosewa kwenye hati, kontena linalala, na kila siku linapolala linahesabiwa pesa. Karatasi za watu nazipanga mpaka zinapendeza. Za maisha yangu mwenyewe nilizimwaga mezani kwa wakili kama mtu anayemwaga mbaazi kuzichambua.

Mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mkufu. Hakuzigusa zile karatasi. Aliniuliza, "Jana usiku wanao wamelala saa ngapi?"

Nilijiandaa kuulizwa mume amefanya nini. Nilikuwa na majibu ya saa nzima kuhusu hilo. Ikabidi nifikiri. Nikamwambia mkubwa, msichana wa miaka 9, alilala saa tatu baada ya kumaliza hesabu za shule. Mdogo, mvulana wa miaka 5, alisinzia kwenye kochi, simu mkononi, akimngoja baba yake apige kutoka Malaba, mpakani na Uganda.

Akaandika. Kisha akauliza, "Akapiga?"

"Alipiga. Saa nne. Mtoto keshalala."

Akaandika hilo pia.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita shoga yangu mmoja aliniuliza, "Nipe wakili mkali, nataka kumnyoosha." Sikuwa na jibu fupi la kumpa, nikamwambia ngoja nitaandika. Mwenyewe nilianza kwa kutafuta wakili mkali.

Wa kwanza nilielekezwa na jamaa wa kazini. Nitakachosema kumhusu ni kile tu kilichonipata mimi, na jina lake silitaji. Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza dakika kumi, akagonga meza. "Huyo bwana, watoto atawaona kwenye picha," alisema. Wallahi nilifarijika. Nilikuwa nimelia miezi mitatu, na hapa amepatikana mtu mzima mwenye tai aliyekasirika kwa niaba yangu. Akataka shilingi 25,000 za kufungulia jalada, nikamtumia kwa M-Pesa, kwenye nambari yake ya simu. Sikuomba risiti. Mimi, ambaye dereva wa pikipiki akiniletea bahasha ofisini namdai sahihi!

Kila nikipiga, kesi "iko mahakamani." Miezi minne. Siku moja nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe masjala nikauliza. Karani akatafuta kwa jina langu, akatafuta kwa jina la mume, akanitazama kwa huruma. Hakukuwa na kesi. Haikuwahi kufunguliwa.

Kwa hivyo haya ya kwanza, shoga yangu, kabla hujatoa hata senti. Wakili wa Kenya lazima awe na leseni ya kufanya kazi ya mwaka huo, na huihuisha kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya kina ukurasa wa kutafuta mawakili: unaandika jina, unaona kama leseni yake iko hai. Ni dakika mbili. Pesa zilipwe kwenye akaunti ya ofisi, na utoke na risiti. Mwambie akuandikie ada yake yote ni kiasi gani, inashughulikia nini na haishughulikii nini: kufungua kesi, kuhudhuria, upatanishi, rufaa. Wakili mwema hakasiriki kwa swali hilo. Na akikudhulumu, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, na kuna mahakama ya nidhamu yao. Mimi nilipeleka malalamiko yangu kwa maandishi, nikayaacha huko, nikaendelea na safari.

Turudi ghorofani, kwa wakili wa pili.

Nilikuwa nimekuja na rasimu yangu ya maelezo ya kesi. Ndiyo, niliandika mwenyewe, usiku, kurasa sita kwa mkono, nikidhani namrahisishia kazi. Mama wakili aliisoma yote kimya. Akafika ukurasa wa tatu, akachukua kalamu, akapiga mstari katikati ya sentensi moja. Akanigeuzia karatasi niione. Niliandika: "Baba yao hana habari na watoto."

"Hii sitaiweka," akasema. "Utaapa juu ya hati hii. Na wewe umeniambia sasa hivi kwamba jana alipiga simu kutoka Malaba."

Nikajitetea. Nikasema kupiga simu si kulea. Hakubishana. Akanituma nikachapishe taarifa yangu ya M-Pesa ya mwaka mzima, pesa zinazoingia na zinazotoka. Zilikuwa kurasa 23. Tulikaa naye tukipitisha kalamu ya rangi ya njano kila palipokuwa na jina la baba watoto. 3,000. 1,500. 5,000, hiyo ilikuwa ya viatu vya shule. 800. Miezi mingine hakuna kitu, kama Juni na Julai, na pale pakabaki peupe kwenye karatasi, na weupe ule ulikuwa na nguvu kuliko matusi yangu yote. Lakini njano ilikuwepo. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilikuwa nimeisahau.

"Akija na karatasi hizi hizi," mama wakili akasema, "hakimu akiona umeongopa hapa, hata ukweli wako wa Juni na Julai hatauamini."

Mimi nilielewa lugha hiyo. Ni lugha ya bandarini. Hati ikiwa na uongo mmoja, mzigo wote unafunguliwa.

Basi mstari ukakatwa, mahali pake tukaandika miezi ambayo hakutuma, na tarehe. Tangu siku ile kila anayeniuliza namwambia: mtafute wakili anayekukatia mstari. Anayekubali kila unalosema hajakuonea huruma, anakupeleka ukaumbuliwe mbele ya hakimu.

Kuhusu talaka yenyewe sina mengi. Alikuwa ameshanitamkia talaka moja, eda ikapita, hakurejea. Lakini ilikuwa ya mdomo, mbele ya ami yake na kaka yangu, na mkononi sikuwa na karatasi. Mama wakili akaniambia, "Hilo nenda kwa Kadhi mwenyewe, na mashahidi wako. Hunihitaji, usinilipe." Kwetu Waislamu, Katiba ya 2010 imewapa Makadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali kwenda kwao. Nilikwenda, mashahidi wakasema walichosikia, talaka ikathibitishwa na kusajiliwa. Kama ningekuwa nimefunga ndoa ya kanisani au ya serikali, njia ingekuwa nyingine: maombi ya talaka mahakamani chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na kuthibitisha sababu. Wanawake wenzangu wa Kiislamu wanaotaka kutoka na mume hataki kutoa, ulizeni tofauti ya khului, mke kujitoa kwa kurudisha mahari, na faskhi, Kadhi kuivunja ndoa kwa sababu, kabla ya kukubali kurudisha mahari. Wengi hurudisha kwa kutojua tu.

Kiwanja chetu cha Utange tulikiacha kando. Watu walikuwa wamenijaza kichwa kwamba nusu ni yangu, haina mjadala. Mama wakili akanieleza kwamba Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2023 hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mtu huonyesha mchango wake, na kwamba Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu pia kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango, na tena inawaruhusu Waislamu kufuata sheria ya dini yao katika mali. "Hilo ni jalada jingine," akasema. "Leo tuna watoto."

Kesi ya watoto ilifunguliwa Tononoka. Kama hujawahi kufika mahakama ya watoto, usiogope kama nilivyoogopa mimi. Watu hawajazi mabenchi kukusikiliza. Na kwenye karatasi wanangu si majina, ni herufi tu. Mara ya kwanza nilipoona herufi zile nilihisi vibaya, kana kwamba wamefutwa. Baadaye nikashukuru: siku wakiwa wakubwa, hakuna mtu atakayefukua ugomvi wetu kwa majina yao. Ndiyo maana hata hapa hamtayaona.

Kwanza ikabidi nielewe nilikuwa naomba nini. Nilikuwa nikisema "nataka watoto" kama vile ni kitu kimoja. Kumbe sheria inatenganisha. Kuna kukaa na mtoto: analala kwa nani, nani anamvisha sare asubuhi. Na kuna haki ya kuamua juu yake: shule gani, upasuaji afanyiwe au la, dini, safari. Mzazi mmoja anaweza kukaa na mtoto, na maamuzi yakabaki ya wote wawili. Katiba, kifungu cha 53, inasema jukumu ni la baba na mama kwa usawa, wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya hapo. Mama wakili alilirudia neno maslahi mpaka nikalisikia ndotoni.

Afisa wa watoto wa serikali alikuja nyumbani Jumanne kuandalia mahakama ripoti, bila mbwembwe, amevaa ndara. Nilikuwa nimepika biriani, naona haya kusema. Hakula. Alitaka kuona watoto wanalala wapi. Akamuuliza binti yangu, "Viatu vyako vya shule unaviweka wapi?" Binti akamshika mkono akampeleka nyuma ya mlango, akamwonyesha: vyake, vya mdogo wake, vya binamu yao, vimepangwa kwa mstari, na jozi moja kubwa ya malapa ya mwanamume. Afisa akauliza ya nani. "Ya baba," akasema. "Akija." Sikuwa nimeyatoa. Sijui kwa nini sikuwa nimeyatoa. Yaliandikwa kwenye ripoti.

Upande wa matunzo kila mmoja wetu alitakiwa aape mapato yake na matumizi yake. Nilitaka kuandika shilingi 50,000 kwa mwezi kwa sababu ilikuwa namba nzuri yenye hasira. Mama wakili akanipa karatasi tupu na siku tatu: andika wanakula nini, wanapanda nini, wanaumwa nini. Ilipotoka ilikuwa 31,400, pamoja na karo, na kila shilingi nilijua inakwenda wapi. Hatimaye baba yao alikubali karo yote, alipe shuleni moja kwa moja, na 12,000 nyingine kila mwezi kabla ya tarehe 5. Mimi chakula na kodi. Sikupata niliyoyataka nikiwa na hasira, lakini haya yanalipika, na yaliyoandikwa yasipolipwa nina amri ya mahakama mkononi ya kurudi nayo.

Tulikubaliana kwenye upatanishi. Mahakama ndiyo iliyotupeleka huko, chumba chenye meza ya mviringo na chupa za maji. Wakili wangu hakuongea sana. Alichofanya, na hapa ndipo nilipoona ufundi wake, kilikuwa kwenye maneno ya makubaliano. Rasimu ya upande wa pili ilisema baba awachukue watoto wikendi ya pili ya kila mwezi. Inasikika haki. Mama wakili akageuka akamuuliza yeye mwenyewe, kwa upole kabisa, "Baba, wikendi ya pili ya mwezi uliopita ulikuwa wapi?"

Akafikiri. "Jinja."

"Na iliyofuata?"

"Mpakani. Foleni."

Ni dereva wa trela. Hapangi yeye wikendi zake, hupangwa na foleni. Amri ya wikendi ya pili ingevunjwa ndani ya mwezi wa kwanza tu, yeye angeonekana mkaidi, mimi ningekuwa na sababu ya kumnyima, na watoto wangekaa mlangoni wamevaa viatu. Mama wakili akaandika upya: akirudi Mombasa, atoe taarifa saa 48 kabla, awe nao siku mbili mfululizo, shule isivunjwe, makabidhiano yawe upande wa kisiwani wa kivuko cha Likoni, kwa kuwa mama yake anakaa ng'ambo. Nilimtazama baba watoto nikaona anapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Miaka 11 sikuwahi kumwona akilia. Makubaliano yakasajiliwa kuwa amri ya mahakama.

Nilidhani nimemaliza na mahakama. Lakini nimetaja binamu, wa viatu vya tatu nyuma ya mlango.

Ni mwana wa mdogo wangu. Mdogo wangu huyo wa kike alifariki mwanawe akiwa na miaka 4, na baba wa mtoto alikuwa ametangulia. Baada ya matanga mama alinitazama tu, nami nikamchukua. Kwetu hilo halina karatasi: mama mkubwa ni mama. Nimemlea miaka miwili hivyo, shuleni nikisaini mimi, hospitali nikisaini mimi. Mpaka siku nilipokwenda kuuliza akiba ndogo aliyoacha marehemu kwenye chama cha ushirika. Yule bwana dirishani alikuwa na adabu. "Pole, mama. Lakini wewe kisheria ni nani kwa mtoto?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo nikiwa nalo kifuani kama mfupa wa samaki.

Mama alikasirika nilipomwambia naenda kwa wakili tena. "Wakili wa nini, mwanangu? Unamshtaki nani? Mtoto ni wetu." Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Hashtakiwi mtu. Malezi niliyoyapigania na baba watoto ni baina ya wazazi walio hai. Huu ni ulezi wa kisheria: mahakama inamweka mtu katika nafasi ya wazazi waliokufa. Na kuna ulezi wa mtoto mwenyewe, na kuna ulezi wa mali yake, lazima useme unaomba upi. Anayepewa mali anaweza kutakiwa alete hesabu. Mama alinyamaza muda, akisukuma tasbihi. "Hesabu ni haki," akasema. "Mali ya yatima ni moto."

Hapo pia mama wakili alinipunguzia gharama: kwa jambo lisilo na mpinzani, alisema, wapo wanaosaidia bure au kwa kidogo. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, Kituo cha Sheria wapo pia, na afisa wa watoto anaweza kuwapatanisha wazazi na kuwaandikia makubaliano bila kumlipa mtu. Nilibaki naye kwa sababu alijua nyumba yangu mpaka nyuma ya mlango. Aliniandikia ada, nikalipa kwa awamu tatu, risiti tatu.

Siku amri ilipotoka aliniita ofisini, akanipa nakala, kisha akavua miwani. "Sasa wewe je? Dada yako hakuandika kitu, ukaona shida yake. Wewe umeandika?"

Sikuwa nimeandika. Mzazi anaweza kumteua mlezi wa wanawe kwa wosia au kwa hati aliyotia sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mlezi kama mimi anaweza pia kumteua atakayeshika nafasi yake akifa. Baba yao angali hai, kwa hivyo niliyemteua, dada yetu mkubwa wa Kisauni, angelea pamoja naye. Niliona ni haki baba yao ajue kabla sijasaini. Nikampigia. Alikuwa Mlolongo kwenye mizani, injini inanguruma. Nikamsomea hati yote, mstari kwa mstari, jina la binti, jina la mvulana.

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Na yule wa marehemu?" akauliza. "Umemwandika?"

"Yumo," nikamwambia. "Mstari wa tatu."